Picha ya Mtu Nisiyemjua

Kwenye ukuta wa sebule yangu, hapa kijijini kaskazini ya mji wa Shinyanga, pametundikwa picha ya mwanamume mmoja. Si picha ya kamera. Ni mchoro wa penseli wa kichwa na shingo, basi. Kifua hakipo, mikono haipo, wala haionekani kama alikuwa amesimama au ameketi. Nywele zake zimetengenezwa kwa namna ambayo leo hakuna kijana wa kwetu anayeijua. Wageni wakiingia, baada ya kusalimiana na kupewa kiti, macho yao hupanda ukutani na swali hufuata: "Mwalimu, huyu ni nani?"

Kwa muda wa miaka 28 nilikuwa na jibu la swali hilo. Sasa sina. Jinsi nilivyolipata jibu lile, na jinsi nilivyolazimika kulirudisha, ndiyo habari ninayotaka kumsimulia msomaji. Si habari ya kujisifu.

Mwaka 1979 nilikuwa Dar es Salaam kwa masomo ya nyongeza ya ualimu. Jioni, wenzangu walipokwenda kunywa chai, mimi nilikuwa nikiingia maktaba ya Chuo Kikuu kusoma vitabu vya historia ambavyo nilijua sitaviona tena nikisharudi bara. Kimojawapo kilikuwa kitabu cha Mwingereza Richard Burton, kilichochapishwa London mwaka 1860 kwa juzuu mbili, chenye habari za safari yake na mwenzake John Speke. Wote wawili walikuwa maofisa wa jeshi la Kampuni ya Uingereza ya India. Waliondoka pwani Juni 1857, wakaifuata njia ya misafara ya pembe za ndovu, wakafika Kaze, ambayo leo ni sehemu ya Tabora, mwezi Novemba. Walitumia siku 134 njiani. Februari 1858 walifika Ujiji na kuliona Ziwa Tanganyika.

Burton alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Aliandika bei ya shanga, namna ya kujenga tembe, chakula cha msafara, ugomvi wa wapagazi, mpaka jinsi watu walivyovuta tumbaku. Aliandika pia dharau nyingi juu ya watu weusi, na msomaji wa leo hana budi kumeza mate kwanza kabla ya kufungua ukurasa unaofuata. Lakini kwa sisi watu wa Unyamwezi na Usukuma kitabu kile ni ghala. Mambo mengi ya mababu zetu hayakuandikwa mahali pengine popote wakati huo.

Ndani yake mna michoro. Nyakati zile mchoro wa kitabu ulipita katika mikono mingi. Msafiri alichora kwa penseli, kisha fundi wa London, ambaye hajawahi kuvuka bahari kuja huku, aliuchonga upya ili upigwe chapa. Kwa hiyo sura tunayoiona ni sura iliyopita katika macho ya watu wawili au watatu kabla ya kutufikia sisi. Katika michoro hiyo mmoja una watu kadhaa wa msafara. Maelezo yake yanamtaja mmoja kwa jina, Muinyi Kidogo, aliyekuwa mkuu wa watumwa wa Ramji, karani wa forodha ya Unguja. Wa pili ametajwa kwa kazi yake, kirangozi. Wa tatu naye kwa kazi yake, mganga. Waliobaki wametajwa kwa neno moja: na kadhalika.

Nilicheka niliposoma hayo, kisha kicheko kikaisha. Mtu alizaliwa, akapewa jina, akakua, akaoa, akabeba mzigo mamia ya maili, akasimama mbele ya mgeni ili achorwe, na mwisho wa yote yeye ni "na kadhalika".

Mchoro mwingine unaonyesha mitindo ya nywele ya Wanyamwezi. Ni vichwa vya watu tu. Humo hata kazi zao hazikutajwa, kwa kuwa kilichotakiwa si wao bali nywele zao. Basi nikachukua karatasi nyepesi, ambayo mwaka ule baada ya vita vya Kagera haikuwa rahisi kupatikana, nikaiweka juu ya ukurasa, nikafuatisha kichwa kimoja kwa penseli. Kwa nini kile na si kingine, siwezi kusema. Nilipenda paji lake la uso. Nilirudi nacho Shinyanga ndani ya kitabu cha hesabu ili kisikunjike.

Hapa ni lazima nieleze kidogo kwa nini mchoro wa kichwa cha Mnyamwezi uliweza kunigusa mimi Msukuma. Katika lugha yetu sukuma ni kaskazini na dakama ni kusini. Msukuma, basi, ni mtu wa kaskazini, na bila shaka aliyemwita hivyo kwanza ni jirani yake wa upande wa kusini. Watu wa pwani nao hawakujali habari hizo. Kwao sisi sote tuliotokea huku mwezi unakoandamia tulikuwa Wanyamwezi. Mtu aliondoka kwao Msukuma, akafika Bagamoyo au Saadani akiwa Mnyamwezi, na kama alifanya ukaidi akarudi kwao na jina jingine kabisa.

Kazi iliyowapeleka huko ilikuwa upagazi. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kama kilo 32, na juu yake mpagazi aliongeza mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Walishuka na pembe, wakapanda na kaniki, shanga, nyaya za shaba, na kitambaa cheupe kigumu kilichoitwa merikani kwa sababu kilitoka Marekani. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, amevaa joho jekundu, kichwani ngozi ya mnyama na manyoya ya ndege, bendera mkononi. Watoto wa vijijini walimkimbilia yeye. Waliofuata nyuma, mmoja baada ya mwingine, vichwa vimeinama chini ya mizigo, nani aliwatazama?

Hata katika nchi yetu hii walipita. Julai 1858, Burton alipobaki Kaze akiandika na kujiuguza, Speke alielekea kaskazini kulitafuta ziwa kubwa ambalo Waarabu wa Kaze walikuwa wamewasimulia. Alipita Nindo na Salawe, majina ambayo mwanafunzi yeyote wa Shinyanga anayajua, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa aliloliita Victoria. Msafara wake ulikuwa mdogo: kirangozi mmoja, wapagazi ishirini, walinzi kumi wa Kibaluchi, na watumishi watatu, Bombay, Mabruki na Gaetano. Watumishi wanajulikana kwa majina. Wapagazi wanajulikana kwa idadi.

Na huyo Bombay, aliyepata sifa kuliko wote, mpaka Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikampa nishani ya fedha, jina hilo si lake. Alikuwa mtoto wa Kiyao aliyekamatwa, akauzwa Kilwa, akapelekwa India. Bombay ni mji alikopelekwa, wala si jina alilopewa na mama yake. Mtu alirudi Afrika akiitwa kwa jina la mahali alikotoka, kama kile kitambaa cha merikani.

Sasa nije nyumbani. Babu wa baba yangu alikuwa mpagazi. Hilo kwetu halina ubishi. Alikwenda pwani zaidi ya mara moja, na aliporudi mara ya mwisho hakuondoka tena. Tangu siku ile watu walimwita Babu wa Pwani, guku wa pwani kwa lugha yetu, na jina hilo likayameza majina yake mengine yote. Baba yangu alimkuta akiwa mzee sana, yeye mwenyewe akiwa mtoto wa kupakatwa. Alikuwa akitusimulia jambo moja tu juu yake, tena mara nyingi: kwamba bega lake la kushoto lilikuwa na nundu ngumu kama goti, kwa sababu ya mizigo, na kwamba mtoto akipakatwa naye alipenda kuishika ile nundu mpaka alale. Jina la kuzaliwa la mzee yule baba hakulijua. Shangazi zangu hawakulijua. Tuliulizana, tukaulizia mpaka kwa wakwe, hatukulipata.

Mwaka 1985 baba alikuwa mgonjwa, na macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Siku moja alasiri nilikuwa nikipanga vitabu vyangu karibu na kitanda chake, na ile karatasi ikadondoka. Aliiona kama kivuli. Akaniuliza, "Hiyo nini?"

Nikamwambia, "Ni picha ya mpagazi wa zamani, baba. Nimeinakili katika kitabu cha Wazungu." Na hapo tayari nilikuwa nimesema nisilolijua, maana kitabu hakikusema kwamba yule mtu alikuwa mpagazi.

Akanyosha mkono, nikampa. Aliileta karibu sana na uso, akaipeleka mbali, akaileta tena. Kisha akapapasa karatasi kwa kidole, chini ya shingo, pale ambapo mchoro unaishia.

"Bega liko wapi?"

"Halipo, baba. Walichora kichwa tu."

Akanyamaza muda mrefu. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, si kama mzazi anayemuuliza mtoto bali kama mtoto anayemuuliza mkubwa, "Ndiye?"

Mimi ni mwalimu wa historia. Nilijua kwamba Burton alichora watu wachache kati ya maelfu waliopita Kaze, na kwamba mwaka 1858 babu yetu huenda alikuwa bado kijana asiyetoka nyumbani. Nilijua uwezekano wa kwamba ni yeye ni sawa na kuokota punje yako mwenyewe katika ghala la kijiji. Nikasema, "Ndiye, baba."

Alilala na ile karatasi kifuani. Aliishi miezi mingine minane, na kila aliyekuja kumwona alionyeshwa. Alipofariki, mwaka 1986, tuliitia picha ile katika fremu, na chini yake mdogo wangu, mwenye mwandiko mzuri, akaandika jina la ukoo wetu na maneno "Babu wa Pwani, Mpagazi". Mimi nilikuwepo. Nilishika gundi.

Uongo ulioanzia kando ya kitanda cha mgonjwa haukai kando ya kitanda. Huo wetu ulikua kama mtoto mwenye afya. Mwaka 2004 tulifanya mkutano wa ukoo, watu wakaja kutoka Kahama, Mwanza, mpaka Dodoma, na vijana wakaagiza fulana zenye sura ya yule mtu kifuani. Ilikuwa furaha kubwa. Mtoto wa binamu yangu alisimama akasema kwamba sasa anajua paji lake la uso limetoka wapi, na watu wakapiga makofi kwa sababu, kweli, wanafanana. Miaka michache baadaye mjukuu wangu aliniletea daftari la shule. Alikuwa ameandika insha juu ya babu yake mkuu aliyefanya kazi na Speke na kuvumbua Ziwa Victoria, na mwalimu wake alikuwa amempa alama 18 kati ya 20. Nilitia sahihi ya mzazi.

Nilijiambia kwamba hakuna aliyeumia. Nani amedhulumiwa? Babu yetu hakuwa na sura, amepata sura. Yule wa kitabuni hakuwa na jina, amepata ukoo mzima. Niliona kama nimewaoza watu wawili waliokuwa wapweke. Huo ndio ulikuwa utetezi wangu, na ulinitosha mpaka mwaka 2013.

Dada yangu alikuwa na kijana wa kiume, mpwa wangu, ambaye baada ya mavuno mabaya mawili mfululizo alikwenda Geita kutafuta dhahabu. Hakuwa wa kwanza. Wajerumani waligundua dhahabu katika nchi ile mwaka 1898. Mgodi wa Geita ulichimbwa tangu 1936 mpaka 1966, ukafungwa, na mwaka 2000 ukaanza mgodi mpya mkubwa wa mitambo. Kandokando ya hayo yote, Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu na penginepo, wachimbaji wadogo wamekuwa wakishuka kwenye maduara yao kwa kamba na tochi. Mimi husema kwamba hawa ndio wapagazi wa zama zetu. Wanatoka vijiji vilevile, katika miezi ileile ya kiangazi, kwa sababu ileile ya kutafuta mahari na bati la kuezekea, na wanarudi na hadithi, au hawarudi.

Kule kwenye maduara mtu haitwi kwa jina lake. Mwenye duara huwa na daftari la mgao, lenye hesabu ya viroba vya mawe vilivyokwenda karasha na fungu la kila mtu, na majina yaliyomo ni ya utani: Mrefu, Kiziwi, Mgogo, Fundi. Mpwa wangu aliandikwa "Shinyanga". Hakuna aliyemkosea adabu. Alitoka Shinyanga, wakamwita Shinyanga, naye akaitikia. Aliponipigia simu alinieleza kwa kucheka: "Mjomba, huku mimi ndiye mkoa mzima!"

Duara lao liliporomoka usiku mmoja baada ya mvua. Matimba hayakuweza kuhimili udongo uliolowa. Walitolewa watu watatu wakiwa hai na wawili wakiwa wamekufa. Simu yake ilibaki chini. Wenzake walikuwa wamekaa naye miezi saba, wamekula naye chungu kimoja, na walipoulizwa jina lake wakatazamana. Walijua anapenda maharage yaliyoungwa kwa karanga, walijua amemchumbia msichana, walijua hata nyimbo zake. Jina lake hawakulijua. Siku ya sita ndipo mmoja akakumbuka kwamba Shinyanga alikuwa akimtaja mjomba wake mwalimu, na akakumbuka na jina la shule. Simu ikapigwa shuleni, na mtoto akatumwa mbio kuniita shambani.

Nilikwenda na baba yake mdogo. Tulipita Mwanza, tukavuka kwa kivuko kutoka Kigongo mpaka Busisi, maana daraja lilikuwa bado. Limefunguliwa mwaka 2025. Katika chumba cha maiti mhudumu alitupokea kwa heshima, akavuta droo. Kwenye kidole gumba cha mguu palifungwa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu ya wino: "Mwanamume. Hajatambuliwa. Shinyanga."

Nilimtambua kabla ya uso kufunuliwa, kwa kovu la jembe lililokuwa juu ya kifundo cha mguu. Nilikuwapo siku alipojikata. Alikuwa na miaka tisa, na mimi ndiye niliyemfunga kitambaa.

Mhudumu alituambia jambo ambalo sijalisahau. Alisema kwamba siku mbili kabla yetu walikuja watu wa familia nyingine iliyokuwa ikimtafuta kijana wao, nao wakamtazama huyu. Mama yao alilia, akasema, "Ndiye." Umri ni uleule, urefu ni uleule, na uso ulikuwa umevimba. Walikaribia kumchukua. Kilichowazuia ni baba wa familia ile, aliyemtazama muda mrefu mikono na miguu, kisha akasema kwa uchungu, "Mama, tunamtaka wetu. Huyu ana watu wake. Tukimzika sisi, watu wake watamtafuta mpaka lini?" Wakaondoka mikono mitupu.

Tulimleta nyumbani tukamzika kwa jina lake, lote, la kwake na la baba yake na la babu yake. Watu walipotawanyika niliingia sebuleni, nikaketi. Yule mtu alikuwa ukutani kama kawaida, na chini yake jina la ukoo wetu katika mwandiko mzuri wa mdogo wangu. Nikasikia sauti ya yule baba nisiyemjua: huyu ana watu wake.

Niliondoa fremu ukutani usiku uleule. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya mwaka 1985. Sikuwaoza watu wawili wapweke. Nilimchukua maiti wa watu wengine nikamzika kwetu. Burton alimnyima jina, lakini angalau aliacha mahali pake wazi, na mtu anayetafuta anaweza bado kupapata. Mimi nilipaziba. Na babu yetu mwenyewe nilimtenda nini? Alikuwa na kitu kimoja kilichobaki duniani, nundu ya bega la kushoto iliyokumbukwa na mtoto aliyelala akiishika. Nilimvua bega lake nikampa kichwa cha mtu mwingine. Mjukuu wangu aliandika insha nzima juu yake, na nundu haimo.

Kusema haya mbele ya ukoo hakukuwa rahisi. Niliwaita Desemba ya mwaka uleule, tulipokutana kwa matanga ya kumaliza msiba. Nilisimama nikaeleza kila kitu, tangu maktaba mpaka gundi. Wengine walinyamaza. Mdogo wangu alikasirika sana, akasema nimemfanya baba mwongo kaburini mwake. Mtoto wa binamu yangu, yule wa paji la uso, alisema, "Baba mkubwa, wewe una hakika gani kwamba siye?" Nikamjibu kwamba sina, na kwamba kutokuwa na hakika kwamba siye si sawa na kuwa na hakika kwamba ndiye. Hakuridhika. Mpaka leo ameitundika nakala yake nyumbani kwake Kahama na jina liko palepale. Fulana nazo bado naziona, zimechakaa, watu wakilimia.

Shangazi yangu mdogo, ambaye wakati ule ndiye aliyekuwa amebaki peke yake katika kizazi cha baba, hakusema kitu mpaka watu wakaanza kuchukua chakula. Kisha akaniita. Akaniambia kwamba baba yangu alikuwa akimwambia, katika ile miezi minane ya mwisho, kwamba picha ni nzuri lakini mtoto wake hakutaka kumwambia bega lilikwenda wapi. Sikujua nimjibu nini. Nilimtilia nyama.

Niliirudisha picha ukutani, kwa sababu yule mtu hana kosa, na kumtupa ingekuwa kumfukuza mgeni kwa uongo wa mwenyeji. Chini yake nimeandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu mbaya: "Mtu wa Unyamwezi. Mchoro uko katika kitabu cha Richard Burton, London, 1860. Jina lake halikuandikwa. Si babu yetu." Pembeni nimebandika karatasi nyingine isiyo na picha. Hiyo ndiyo ya Babu wa Pwani. Ina habari ya bega lake la kushoto, na ya mtoto aliyelala akilishika, na jina la mtoto huyo, maana hilo tunalijua.

Nimefanya na jambo moja zaidi. Nilinunua daftari kubwa, aina ya kaunta buku, nikatangaza kijijini kwamba kijana yeyote anayekwenda machimbo apite kwangu kabla ya kuondoka. Naandika jina lake, la baba yake na la babu yake, kijiji, mtu wa kupewa habari, namba mbili za simu, na alama ya mwili. Mwanzoni walinicheka, wakasema mwalimu anaandikisha watu kifo. Sasa wanakuja, na wengine wanaletwa na mama zao. Kijana mmoja alinishauri niongeze safu ya jina la utani, kwa kuwa huko ndilo litakalotajwa. Nikaongeza. Wengi wanaoondoka kwa mara ya kwanza hawana cha kuandika katika safu hiyo. Wakirudi wanacho.

Juzi alikuja kijana wa miaka kama ishirini, begi mgongoni, pikipiki inamsubiri nje. Nilipokuwa nikiandika, macho yake yalipanda ukutani.

"Mwalimu, huyu ni nani?"

"Simjui," nikamwambia.

"Alikuwa mpagazi?"

"Hata hilo silijui. Najua alikuwepo."

Akaisoma karatasi iliyo chini ya picha, polepole, midomo ikitikisika. Kisha akainama juu ya daftari langu kutazama nilivyomwandika, akaweka kidole kwenye jina la baba yake, akaniambia nimekosea, lina herufi "h" katikati. Nikachukua kifutio, nikasahihisha.